Naomba ushauri: kupoza prosesa kwa barafu kavu kwa bajeti ndogo

Habari zenu wakuu. Nina prosesa ya zamani, Intel Core 2 Duo E8400 ya GHz 3.0, nataka kuipandisha kasi kwa barafu kavu, yaani hewa ya ukaa iliyogandishwa, nyuzi -78 za Selsiasi. Naitrojeni ya kimiminika inafika -196, lakini kwa kuanzia naona ni mapema mno. Fundi wa kukereza vyuma atanichongea kikombe cha kuweka barafu hiyo juu ya prosesa, ila shaba tupu ni ghali. Je, kitako cha shaba na ukuta wa alumini vitatosha? Hofu yangu kubwa ni umande kuunguza mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Kuzunguka soketi inapokaa prosesa, mlipaka vaselini, au mliziba kwa sponji gani? Kipimajoto cha waya ninacho. Nitafanyia kibarazani, maana hewa ya ukaa ikijaa chumbani inaua.