Naomba ushauri: asali ya Tabora na soko la Uingereza baada ya kujitoa Umoja wa Ulaya

Ndugu zangu, sisi ni kikundi cha wafugaji nyuki wa Sikonge, mkoani Tabora, na asali yetu ya miombo huenda kwa mnunuzi wa Ujerumani, ambaye sasa anataka kupeleka sehemu yake London.

Nifahamuvyo, Uingereza ilijitoa tarehe 31 Januari 2020, na tangu 2021 biashara yake na Umoja wa Ulaya inaongozwa na mkataba unaofuta ushuru kwa bidhaa zenye uasili wa pande hizo mbili tu. Asali ya Tanzania haigeuki kuwa ya Ujerumani kwa kupita Hamburg. Kwa kuwa nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye maendeleo duni, Uingereza hutupatia msamaha wa ushuru kupitia mpango wake yenyewe ulioanza Juni 2023, ambao ni tofauti na ule wa Ulaya. Wasiwasi wangu ni kwamba mzigo ukipitia Ujerumani huenda tukapoteza msamaha huo, na wanachama wetu wengi hulipa ada za watoto kwa asali hiyo.

Naomba aliyewahi kusafirisha anieleze: je, ni salama zaidi kufunga mkataba moja kwa moja na mnunuzi wa London, mzigo ukitokea Dar es Salaam, au unaweza kugawanywa Ujerumani ukiwa chini ya uangalizi wa forodha bila kupoteza msamaha huo? Na je, uthibitisho wa uasili uandaliwe tofauti kwa kila soko? Tunatakiwa kumjibu mnunuzi kabla ya mavuno.