Kipindi cha asubuhi hapa Lubumbashi: mnamkatiza muuguzi ili nabii aombe pesa?

Jamboni wote. Nina hasira na sitaificha. Jina la redio sitalitaja, maana nikilitaja tutaanza kubishana juu ya redio na tuliache jambo lenyewe. Wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba wanaoamka na redio wataijua tu. Ni kile kipindi kinachoanza saa 12 asubuhi, cha muziki, mgeni wa siku na tafakari ya neno la Mungu.

Wiki hii mgeni alikuwa mama muuguzi. Alikuja kuzungumzia kolera, na alikuja wakati wake, kwa sababu mvua zikishaanza Novemba mnajua visima vyetu vya uani vinavyokuwa, kisima hapa na choo hapo. Mama yule alizungumza vizuri, pole pole, Kiswahili cha nyumbani. Akawa anaeleza namna ya kumtengenezea mgonjwa maji ya sukari na chumvi wakati mnatafuta usafiri wa kumfikisha kituo cha matibabu. Maji safi lita 1, yaliyochemshwa yakapoa. Sukari vijiko vya chai 6, visirundikwe. Akaendelea: "Sasa chumvi, hapo muwe makini sana." Mtangazaji akamkatiza. Samahani mama, mtumishi wa Mungu ameshafika. Wimbo ukapandishwa sauti, na muuguzi hatukumsikia tena hadi kipindi kinaisha.

Jamani, chumvi ndiyo penye hatari! Ikizidi, mtoto ambaye mwili umeshakauka maji anazidi kukauka, anaweza kushikwa na degedege na akafa. Mama ngapi asubuhi ile walibaki na nusu ya maelezo? Jirani yangu anayeuza makala (makaa ya kupikia) alikuja kuniuliza kama chumvi nayo ni vijiko sita. Sita! Alikuwa anauliza kwa nia njema kabisa, mjukuu wake alikuwa anaharisha. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja kutuponya kweli kweli, tukamtoa nje kabla hajamaliza.

Namalizia mimi, na mnisaidie kusambaza: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi NUSU kijiko cha chai. Mpe kidogo kidogo, akitapika subiri kidogo umpe tena. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na kwenda kituo cha matibabu kusingoje haya maji, mnakwenda huku mnampa njiani.

Sasa sikilizeni tulichopewa badala yake. Huyo mtumishi alisoma mstari mmoja, mmoja tu, halafu akaingia kwenye mbegu, yaani pesa za kumtumia ili upate baraka. Panda mbegu, funga mlango wa magonjwa. Namba ya simu ya kutumia pesa ilisomwa tarakimu kwa tarakimu, ikarudiwa, mtangazaji naye akairudia, "chukueni kalamu". Kwa namba ya pesa kulikuwa na muda wa kutafuta kalamu. Kwa kipimo cha chumvi hakukuwa na hata sekunde kumi.

Haikuishia hapo. Baba mmoja akapiga simu, analalamika biashara imekufa, nyumbani wanaumwa kila wiki. Nabii akamuuliza ana watoto wangapi, kisha akamwambia amwangalie vizuri yule wa mwisho, kuna kitu ndani yake. Hewani! Mji mzima unasikia! Na mtangazaji akasema amina akaweka wimbo.

Hii ndiyo iliyonifanya nije kuandika. Wote hapa tunajua mtoto akishatupiwa neno la namna hiyo, kwamba ni mchawi, linafika wapi. Ananyimwa bukari (ugali), anafungwa, anapelekwa "kuombewa" siku tatu bila kula, mwisho yuko barabarani. Wale watoto wanaolala nje katikati ya mji, waulizeni walivyotoka kwao. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza waziwazi kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya mwaka 2009 ikaja kulitilia nguvu katazo hilo. Kwa hiyo mtu amevunja katiba asubuhi, kwenye kipaza sauti, na redio imemshukuru kwa kuja.

Kabla hamjaniita mpagani: mimi ni mkristo, naimba kwaya, na kipindi hiki nilikipenda kwa sababu ya tafakari. Ilikuwa fupi. Anakuja padri, kesho yake pasta wa kimethodisti, siku nyingine mkimbangu, Ijumaa hata shehe wa msikiti alikuwa anakaribishwa. Mtu anasoma, anasema neno moja la kukusindikiza kazini, anatoka. Hakuna aliyetaja simu. Na mji huu una historia na mambo ya Mungu, Simon Kimbangu mwenyewe, nabii ambaye wakimbangu wanaitwa kwa jina lake, alifia hapa hapa akiwa mfungwa tarehe 12 Oktoba 1951. Watu wa mji kama huu wanatambua sala na wanatambua biashara.

Muziki nao umeharibiwa vile vile. Zamani baada ya tafakari tulikuwa tunawekewa magita ya kwetu, Mwenda Jean Bosco, yule aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, na Edouard Masengo ambaye wenzetu wa Nairobi wanamjua pia. Wimbo unachezwa hadi mwisho. Siku hizi unakatwa katikati kwa sababu nabii anataka ala za chini chini za kuombea pesa.

Najua mtakachosema: redio ni ya mtu binafsi, mafuta ya jenereta yanalipwa na nani, watangazaji wanakaa miezi bila mshahara. Nakubali ni vigumu. Basi uzeni muda, lakini semeni kwamba umenunuliwa, msiuite tafakari. Uwekeni saa nyingine, msiukalishe juu ya mgeni wa afya. Na kumtaja mtoto wa mtu hewani hakuna bei inayokuhalalisha.

Na wewe mtangazaji, kwa sababu najua utasoma: kitufe kiko mkononi mwako. Ulikiona kinachosemwa na ulikuwa na uwezo wa kukata. Ulimkata muuguzi haraka sana, mbona huyu hukumkata?

Ninachotaka ni hiki. Muuguzi aitwe tena, apewe muda wake wote, saa ile ile ya watu wengi. Redio imwombe radhi hewani yule baba na mwanawe, iseme wazi kwamba yale maneno hayakuwa kweli. Na mwenye redio atuambie ni nani anayechagua wa kutoa tafakari, na kwa masharti gani.

Wakikaa kimya, CSAC ipo, baraza kuu la kusimamia redio, televisheni na mawasiliano, imewekwa na kifungu cha 212 cha katiba hiyo hiyo na sheria ya Januari 2011, na kusimamia maadili ya vyombo vya habari ni kazi yake. Barua nimeshaanza kuiandika. Aliyerekodi kipindi kile kwenye simu anitumie, nahitaji sauti yenyewe. Na wa Likasi na Kolwezi, kama kwenu kuna kipindi kinachofanya haya, andikeni hapa chini siku na saa, na maneno yaliyosemwa. Majina ya watoto msiyaweke.