Mrejesho: ruzuku ya kukarabati nyumba ili kupunguza bili ya umeme

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza nipate wapi msaada wa fedha niweke tabaka la kuzuia joto darini na kubadilisha madirisha. Asanteni sana mlionijibu, hata yule aliyenigombeza kwa haraka zangu. Alikuwa sahihi.

Nilifuata ushauri wa kuanza na ukaguzi wa nishati. Mkaguzi alifunga feni kubwa mlangoni, akatuonyesha hewa inapopenya. Kumbe dari na nyufa ndizo zilizokuwa tatizo, si madirisha. Nikaomba ruzuku ya dari, nikasubiri kibali cha maandishi, ndipo fundi aliyesajiliwa akaanza kazi. Watoa ruzuku wamelipa, ila baada ya kazi kukamilika na risiti kukaguliwa, kwa hiyo lazima uwe na cha kutangulizia. Mimi nilikopa.

Ruzuku ya madirisha nimekosa. Mawili niliyabadilisha kabla ya kuomba, na kazi iliyokwisha kuanza hawailipii. Hapo sina wa kumlaumu.

Bili imeshuka, si sana, lakini chumba cha juu sasa kinalalika.