Mguu wa kushoto unanisaliti kwenye pedali mbili, naomba ushauri

Habari zenu wapiga dramu. Nina miezi minne na pedali mbili za besi (za kupiga dramu kubwa kwa miguu yote miwili) na nimefika mahali nimekwama.

Nafanya mazoezi dakika 20 kila siku kwa metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo), noti nne kwa kila pigo, kulia-kushoto. Hadi mapigo 110 kwa dakika sauti inatoka sawa. Nikifika 120, kushoto kunaanza kuchelewa, mapigo yanakuwa kama farasi anayechechemea, na misuli ya mbele ya muundi inawaka moto. Nikiongeza mikono, yaani snea (dramu ndogo) na raidi (toazi kubwa), ndiyo balaa kabisa: miguu inaanza kufuata mikono.

Nimejaribu kuinua kiti ili mapaja yateremke kidogo, na kulegeza springi ya kushoto. Nimejaribu pia kuanza kila zoezi na kushoto, jambo lililosaidia kuliko yote, ila kwa mwendo wa polepole tu. Najua pedali ya kushoto ni nzito kidogo kwa sababu inasukuma ile fimbo ya kuunganisha, lakini sitaki kuisingizia pedali kila kitu. Huu mguu miaka yote ulizoea kukanyaga hai-hati (matoazi mawili ya pedali) tu.

Maswali yangu: kwenye 120 hivi, niendelee kuinua mguu mzima au huo ndio wakati wa kuhamia kupiga kwa kifundo cha mguu tu? Na mikono niiongeze sasa, au nisubiri miguu itulie kwanza?

Asanteni.