Tupeane uzoefu: nani amewahi kuishi jirani na fundichuma?

Mkulima wa Ahero
Habari zenu, wandugu. Kila asubuhi nikienda kufungulia mpunga maji namkuta fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kishungi kilicholala nyuma, kichwa mfano wa nyundo. Anaingia kwenye maji kina cha kidole, anachezesha mguu mmoja ndani ya tope, kisha wa pili. Chura akishtuka tu, kwisha habari yake. Naweza kumtazama hadi chai ipoe. Kiota chake sijakiona kwa karibu. Aliyekiona atueleze.

Mama Dunga
Mimi nimekishika kwa mikono yangu. Walijenga kwenye mkuyu nyuma ya nyumba yetu hapa Kisumu, dume na jike pamoja: vijiti, matete, matambara, hata kipande cha wavu wa omena. Walianza na kitu kama bakuli, wakainua kuta, mwisho wakaezeka paa zito. Watu husema mtu mzima aweza kusimama juu yake lisibonyee, nami sasa naamini.

Masika yaliyopita tawi lilivunjika, kiota kikaja nalo chini. Upana wake ulikaribia mita moja na nusu. Mlango uko upande wa chini, tundu la kupitisha mkono tu, limesiribwa tope laini. Nilipitisha vidole mle ndani, sikugusa ufa hata mmoja. Mama yangu alisiriba nyumba maisha yake yote, na huo ndio mkono nilioukumbuka. Nashukuru hakikuwa na mayai. Hawa hujenga viota kadhaa kwa mwaka, na si vyote wanavyotagia.

Wa Njoro
Kwetu kando ya mto walihama, bundi mkubwa akakalia paa. Chini yake aliishi kenge.

Mjukuu, Busia
Nyanya alitukataza kugusa kiota hicho, na hofu ile iliwalinda. Mwezi jana jirani alikata mti ukiwa na makinda. Wazazi huenda mbali kutafuta chakula kwa muda mrefu, kuta nene ndizo zinazowatunzia wadogo joto. Waliporudi walizunguka pale hadi giza. Imeniuma sana.

Mkulima wa Ahero
Pole sana, ndugu. Mama Dunga, wako walirudi?

Mama Dunga
Walirudi. Mkuyu uleule, tawi la pili. Leo asubuhi mmoja wao kapita na uzi mwekundu wa gunia mdomoni.