Barua inasema "kindly remit": nimesamehewa au nadaiwa?

Kutoka: Mjomba wa Makorora, Leicester

Assalaam aleikum wana Tanga wenzangu, mliopo nyumbani na mliotawanyika.

Nina jambo la aibu kidogo. Nalileta hapa kwa sababu naamini si mimi peke yangu nitakayetumbukia shimo hili. Mwezi wa pili nilimwandikia wakala anayesimamia jengo letu, nikamweleza kwamba kazi za ghalani zimepungua, zamu zangu zimeshuka kutoka tano hadi tatu kwa wiki, basi anisamehe ile pesa ya usafi wa ngazi na taa za nje, pauni 214. Wiki tatu kimya. Kisha ikaja barua, karatasi nzito nzuri, inaitaja barua yangu na kunishukuru kwa kuandika. Chini yake: "Kindly remit the outstanding balance of £214 within 14 days."

"Kindly" naijua, ni hisani. "Remit" siijui. Nikampigia mpwa wangu Ngamiani, maana nyumbani kwa marehemu mzee kuna kamusi kubwa ya Kiingereza, nusu yake imeliwa na mchwa. Akanisomea kwa sauti: samehe, ondolea dhambi, futa deni. Wallahi nilishukuru mpaka machozi. Siku hiyo hiyo nikawajibu kuwashukuru kwa roho yao nzuri, na zile pesa nikampelekea Bi Mkubwa anunue mabati ya jikoni, kwa kuwa nilishahesabu zimebaki.

Juzi imekuja barua ya pili, hii ina maandishi mekundu. 214 imekuwa 249, pauni 35 za kuchelewa. Mpwa wangu anaapa kamusi imesema samehe, na picha ya ukurasa kanitumia, nimeiona kwa macho yangu. Sasa nani mwongo, kamusi au wakala?

*

Kutoka: Dada wa Chumbageni, Toronto

Pole mjomba. Hakuna mwongo hapo. Unadaiwa. Lipa kwanza, maana ya neno tutaijadili ukishapata risiti.

Mwalimu yuko wapi?

*

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Raskazone, Tanga

Mwalimu yupo, umeme ndio haukuwepo.

Mjomba, kamusi haikukudanganya. Mpwa wako aliacha kusoma mapema. Angeteremsha kidole mistari miwili mitatu angekuta: tuma, peleka, lipa. Neno ni moja, lina matawi, na wewe umepanda tawi lililokauka.

Shina lake ni Kilatini, neno la kutuma, likiwa na kiambishi cha "kurudi nyuma" mbele yake. Kurudisha, kupeleka, kuachilia. Dhambi ikiachiliwa imesamehewa, na ndiyo maana Biblia za zamani za Kiingereza zikitaja kile tunachokiita ondoleo la dhambi husema "remission". Wenzetu Wakatoliki wanaposali kanuni ya imani, "ubatizo mmoja kwa maondoleo ya dhambi", ni neno hilo hilo. Kwa hiyo kamusi ya mzee, ambayo kwa vyovyote ni ya zama za wamisionari, ilianza na dhambi kwa kuwa ndiyo kazi waliyoijia. Fedha ikafuata chini.

Barua za leo zimegeuza mpangilio huo. Neno hili likikaa karibu na kiasi cha pesa na tarehe, maana yake ni moja tu: leta. Na kuna jambo la sarufi ungelitazama lingekuokoa. Nani anatenda? Katika sentensi yako mtenda hayupo, kwa sababu ni sentensi ya kuamrisha, na anayeamrishwa ni msomaji, yaani wewe. Wangekuwa wamekusamehe wao, wangeanza na "sisi". Wewe ulisoma kitenzi ukaacha kutafuta mwenyewe. Nilikuwa nikiwachapa watoto darasa la sita kwa kosa hilo. Sasa nimeacha, nimestaafu na mkono unauma.

Kuhusu "kindly": usiihesabu kuwa hisani. Kwenye barua ya deni ni amri iliyovaa kanzu.

Mtu akitaka Kiswahili chake cha ofisini, mimi nasema ni "kuwasilisha". Hakuna asiyelijua neno hilo kwa ajili ya NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii. Mwajiri anakata sehemu ya mfanyakazi, anaongeza yake, jumla asilimia 20 ya mshahara, halafu anatakiwa kuiwasilisha kwenye mfuko. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo "remit". Wapo waajiri hodari wa kukata, kuwasilisha wakasahau. Kwa hiyo kukata si kuwasilisha, na mtu aliyewahi kufuatilia michango yake akakuta miezi mitupu ataielewa tofauti hiyo kuliko nitakavyoieleza mimi.

Matamshi: kikiwa kitenzi, mkazo unakwenda mwisho, ri-MIT. Wakati uliopita t huwa mbili, "remitted", na ukiandika moja karani atajua wewe ni mgeni wa neno. Na halitumiki kwa hati. Pasipoti, fomu, picha, hivyo hutumia "submit". "Remit" huchukua pesa.

Ushauri wangu mwingine utakushangaza: wewe usiitumie. Lijue neno ukilisoma, lakini ukijibu andika "paid". "I paid £214 on 3 June by bank transfer." Tarehe, kiasi, njia. Hakuna atakayekudharau. Mtu akijaza barua yake maneno mazito asiyoyazoea, moja likimteleza anaonekana mjinga kwa yote. Waingereza wenyewe hawasemi "remit" wakiwa sokoni.

*

Kutoka: Mama wa Muheza, Reading

Shikamoo mwalimu. Mjomba pole.

> Neno ni moja, lina matawi

Kuna tawi la tatu mwalimu, na mimi nililalia nalo siku mbili bila kula.

Rufaa yangu ya ukaazi ilipanda hadi baraza la juu. Uamuzi ukaja kwa barua pepe usiku, kurasa kumi na moja. Mimi nikaruka hadi mwisho, kama mnavyofanya wote msijifanye. Pale mwisho wameandika uamuzi wa kwanza umetenguliwa, na kwamba shauri "is remitted to the First-tier Tribunal". Nami neno hilo nilikuwa nalijua kwa maana ya kutuma, kwa sababu kila mwezi natuma pesa Muheza. Nikaelewa hivi: mimi natumwa. Narudishwa kwetu! Nikaanza kugawa vyombo. Jirani Mghana alishabeba jiko la gesi.

Jumatatu nikampigia wakili. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. Akanieleza kwamba kinachotumwa ni jalada, si mtu. Baraza la juu likikuta kosa la kisheria katika uamuzi wa chini lina njia mbili, zimo kwenye sheria yao ya mabaraza ya mwaka 2007: ama liamue upya lenyewe, ama lirudishe shauri chini likasikilizwe tena. Kurudisha huko ndiko "remit". Kwangu lilikuwa jambo jema, kwa maana ule uamuzi mbaya umekufa na nasikilizwa na jaji mwingine. Nilikuwa nalilia ushindi nusu.

Kwa hiyo akina mama na akina baba wenye mashauri: mkiliona neno hilo kwenye hukumu, tazameni kilicho mbele yake. Kikiwa ni "case" au "matter" au "appeal", faili linarudi ngazi ya chini. Mahakama zetu nazo hufanya hivyo kila siku, jalada linarudishwa likasikilizwe upya, na hakuna anayegawa vyombo.

Jiko nililirudishiwa. Sufuria la pilau bado.

*

Kutoka: Fundi wa Pangani, Hull

Mie langu fupi. Nimefungua kampuni ya kupaka rangi, mimi na kijana mmoja. Tulimaliza kazi kwenye shule, wiki ikapita, ikaja barua pepe yenye kichwa "Remittance advice". Nikaona ahaa, wananishauri namna ya kudai. Sikuifungua, nina hasira na ushauri wa watu. Nikawa nawapigia kila asubuhi kuulizia pesa. Siku ya tano yule mama wa uhasibu akaniuliza kwa upole, "Umetazama benki yako?"

Pesa ilikuwemo toka siku ya kwanza. Hapo "advice" si ushauri, ni taarifa: tumekulipa kiasi fulani kwa ankara namba fulani. Zitunzeni hizo karatasi, mwisho wa mwaka zinalinganishwa na ankara zenu.

Na jingine. Niliwahi kwenda halmashauri ya mji kulalamika taka za jirani, nikaambiwa "that's outside our remit". Mie nikajibu sijaja kulipwa. Mwalimu, hiyo nayo ni ile ile?

*

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Raskazone, Tanga

Fundi, ni ile ile ikiwa nomino. Mkazo unahamia mbele, RI-mit. Ni eneo la madaraka, mipaka ya kazi uliyotumwa. Walikuambia kwa Kiswahili cha kwetu, "hilo halituhusu, nenda dirisha la pili".

Mama wa Muheza, tawi lako ni sahihi na nimeliandika kwenye daftari.

*

Kutoka: Binti wa Raskazone, London

Shikamooni. Naongeza la kodi kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa kuna mtu hapa aliniuliza pembeni.

Sisi tukisema "remittance" tunawaza pesa inayotoka huku kwenda kwa mama. Kodi ya Uingereza ilikuwa inawaza kinyume. Kulikuwa na utaratibu uliojulikana kama "remittance basis", kwa watu wanaoishi hapa ambao maskani yao ya kudumu kisheria ni nchi nyingine. Mtu aliyeuchagua alitozwa kodi kwa pato la nje pale tu alipolileta Uingereza. Kwa hiyo pesa ya pango la nyumba yako ya Mabawa ikikaa benki Tanga haikuwa "remitted". Ukiivusha kuja kununua gari huku, imeshakuwa. Pesa kutoka Tanga kuja London, hiyo ndiyo iliyoitwa hivyo.

Utaratibu huo ulifutwa kuanzia tarehe 6 Aprili 2025. Nautaja kwa sababu makala za zamani bado zimejaa intaneti na watu wanazifuata. Nyumba zenu za Mabawa zipelekeeni mhasibu, msizilete kwenye mjadala huu.

*

Kutoka: Mzee wa Forodhani, Tanga

Nimesoma yote, nimesomewa mengine na mjukuu, macho siku hizi yana ubaridi.

Mnahangaika na neno la watu ilhali letu lipo. Ni hawala. Hawala ya posta. Mimi nilifanya kazi dirishani miaka mingi kabla ya kuhamia bandarini, na tarehe za mshahara wa mashamba ya mkonge ulikuwa huoni mlango. Watu wa Kigoma, watu wa Songea, watu wa Njombe, manamba waliokuja kukata mkonge, wamepanga foleni kutuma pesa kwao. Wengi hawakujua kuandika, nawajazia mimi. Jina la mpokeaji, kijiji, kiasi. Wengine wananiambia niandike na salamu, namwambia bwana hapa hakuna nafasi ya salamu, anasema basi andika ndogo.

Kwa hiyo ughaibuni hamkuuanzisha nyie. Tanga hii ilikuwa ughaibuni kwa wenzetu, na pesa ilitoka hapa kwenda kwa mama zao. Fomu ile ilikuwa na neno hilo la mjomba, na hakuna manamba hata mmoja aliyedhani amesamehewa kitu.

*

Kutoka: Dada wa Chumbageni, Toronto

Mzee!! Mjomba atahama orodha.

*

Kutoka: Mjomba wa Makorora, Leicester

Shikamoo mzee. Sihami. Nimestahili.

Nimefanya kama mlivyosema. Ijumaa nililipa pauni 214 kwa benki, nikaandika "I paid", tarehe, kiasi, njia. Halafu nikampigia wakala, nikamweleza ukweli wote, kamusi, mchwa, mabati ya Bi Mkubwa. Kukawa kimya, nikadhani simu imekatika. Kumbe anacheka kaziba kipaza sauti. Akasema atazungumza na mkubwa wake kuhusu zile 35.

Leo asubuhi imekuja barua ya tatu. Karatasi nyeupe, hakuna wekundu. Naiandika kama ilivyo: "On this occasion we are prepared to waive the late payment charge of £35."

Mwalimu, safari hii simpigii mpwa. Hii "waive" ni ile ya kupunga mkono? Wananiaga?

*

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Raskazone, Tanga

Tahajia si moja, ya kupunga mkono haina i. Mtenda ni nani? "We." Wao.

Mjomba, sasa ndiyo umesamehewa. Mabati yabaki.