Nisaidieni: bango la bonanza la Idd na picha ya marehemu imetoka kama jivu

Kijana_wa_Wete
Asalam aleikum wana jamvi. Mie nipo Wete, najifunza mwenyewe kutengeneza mabango, skuli sijaisomea hii kazi. Mtaani tuna bonanza la maveterani siku ya Idd mosi, wazee wakanipa picha black and white ya marehemu golikipa wao, ile saizi ya pasipoti, wakasema itie rangi umuweke katikati ya bango. Nkaona rahisi, nkaipiga kwa simu nkaitia kwenye programu inayotia rangi yenyewe, jezi ikatoka bluu na uso kama kapakwa jivu. Nkapeleka barzani, wazee walicheka mpaka mmoja akavua miwani kufuta machozi, ati "huyu nani?" Na bango nalo nimebandika moja dukani, mtu kasimama mbele yake ananiuliza mechi siku gani, na siku imeandikwa pale pale wallahi. Mna fonti (aina za maandishi) tano, vivuli, mng'aro, wachezaji saba na nembo za wadhamini juu. Nianze kujifunza lipi, kupanga bango au kutia rangi? Na hilo jivu linatoka wapi?

Yakhe_Mkavu
Fonti tano? Yakhe hilo si bango, hiyo soko la Darajani mkesha wa Idd 😂

Fundi_Mlandege
Waaleikum salaam. Muacheni, sote tulianza hivo.

Bango kwanza maana ndo lenye haraka. Mtu anapita na vespa, ana sekunde mbili tatu, jiulize katika hizo aondoke na kitu gani. Kwako wewe ni uso wa golikipa, neno BONANZA, na Idd mosi saa kumi alasiri uwanja fulani. Basi. Hivyo vitatu viwe vikubwa, tena visilingane, kimoja kiwe baba wa vyengine, vikilingana jicho halijui lianzie wapi ndo maana yule kakuuliza siku na siku iko puani kwake. Wadhamini washushe chini mstari mmoja, wakinuna waambie uwanja wanaulipia wao lakini bango linasomwa na watu. Wachezaji saba watoe wote. Fonti mbili zinatosha, moja nene ya kichwa moja nyepesi ya maelezo, na acha nafasi tupu usiione tupu ukatamani kuijaza, nafasi ndo inayomsukuma golikipa mbele.

Alafu ligeuze bango zima liwe black and white kwenye kompyuta ulitizame. Maandishi yakipotea ujue ulikuwa unategemea rangi peke yake, mfano nyekundu juu ya kijani, kwenye skrini zinagombana lakini weusi na weupe wake unakaribiana. Lichape A4 bandika ukutani rudi nyuma hatua kumi finya macho. Ukilijua hili la mwanga na giza na picha ya marehemu utaiweza, ni jicho lile lile.

Binti_Chake
Kuhusu jezi: filamu ya black and white inashika mwanga tu, rangi haimo mule ndani. Nyekundu na kijani zinaweza kutoka kijivu kimoja, na zile filamu za zamani zaidi nyekundu hazikuiona kabisa, inatoka kama nyeusi. Programu inabahatisha kwa picha nyingi ilizofundishwa na jezi ya mtaa wenu haijawahi kuiona. Mie ilinitia rangi ya chai kanga ya bibi yangu, kumbe ni kisutu! Mama alipoona zile mraba akasema hii kisutu ya harusi yake, nyekundu nyeusi na nyeupe, we mtoto huna macho? Waulize wazee kwanza, kompyuta baadae.

Kijana_wa_Wete
Ahsanteni. Na jivu la usoni jamani? Natumia Photopea, ile programu ya kuhariri picha, laptop yangu haibebi vitu vizito.

Fundi_Mlandege
Photopea inatosha sana. Angalia picha isiwe Grayscale (ya kijivu tupu), igeuze RGB (ya rangi), vyenginevyo utapaka mpaka kesho itoke kijivu. Fungua leya (tabaka) mpya juu, palipoandikwa Normal weka Color, paka kwa brashi laini. Jivu linatokana na kupaka rangi moja iliyofifia uso mzima. Ngozi yetu haina rangi moja, masikio, midomo na ncha ya pua zina wekundu, kwenye kivuli rangi inakolea, panapong'aa inapungua, kidevuni penye ndevu ni nyengine tena. Mkalishe mtoto wa marehemu kivulini barzani mchana, mpige picha, udonoe rangi usoni mwake sehemu kama tano sita. Macho na meno usiyafanye meupe pee. Na Color haibadilishi mwanga, ukitaka kukipa umanjano kitu kilichotoka cheupe kabisa haitokubali, hapo weka Multiply badala ya Color, yenyewe inakoleza.

Na picha usiipige kwa simu, iskani 1200 dpi (nukta kwa inchi). Ya pasipoti upana wake milimita 35, utapata kama pikseli 1650, ukichapa kwa 300 dpi inafika sentimita 14 bila kuvunjika. Kwenye A3 inakaa vizuri. Ukimtumia mchapaji kwa WhatsApp itume kama dokumenti, sio kama picha, na ile kijani inayowaka kwenye skrini usiitegemee, kwenye karatasi inapoa.

Ami_Shangani
Mwanangu ukija Unguja pita Capital Art Studio, Kenyatta Road, wapo tangu 1930, utaona picha za kale zilivyopigwa. Zamani studio walitia rangi kwa mkono, brashi na pamba, kidogo kidogo. Msiibeze black and white, wengine tunaipenda ibaki ilivyo.

Kijana_wa_Wete
Ami nimekusikia, ya asili naihifadhi vile vile.

Mrejesho: nimeskani, nimedonoa rangi kwa mwanawe, uso sasa wazee wamemjua kabla sijasema kitu. Jezi ilikuwa kijani kola nyeupe, hilo wamekubaliana. Bango lina fonti mbili, mdhamini mmoja kanuna. Imebaki saa yake ya mkononi, nusu ya barza wanasema dhahabu nusu wanasema fedha, hiyo naiacha kijivu mpaka mkewe arudi kutoka Unguja.